Kanda la Usufi

Begi nimeazima kwa Bi Chaula.
Zipu yake inauma upande mmoja tu, kama mbwa mzee.
Siku tatu Iringa, semina ya walimu wa hesabu,
mada: makadirio.
Nguo tatu, basi. Haziwezi kunishinda.

Hapa Tandala Juni imetushika shingo.
Asubuhi sakitu imelala juu ya majani ya viazi,
nyeupe, kama mtu kamwaga unga akakimbia,
na ndoo iliyolala nje imeota kioo usoni;
nakivunja kwa kata ndipo ninawe.
Kwa hiyo mkono wenyewe, bila kuniuliza,
unakamata sweta, sweta la pili, kofia ya sufu,
blanketi.

Nikampigia wifi yangu Sekela, anakaa Gangilonga.
"Baridi ipo?"
"Ipo, lakini ya kistaarabu.
Alfajiri inabisha hodi, saa nne inaaga.
Njoo na kikoti chepesi. Na usije na lile blanketi."

Lile blanketi nikalitoa.
Nikalirudisha.
Nikalitoa.

Begi likabaki na nafasi,
na nafasi ina harufu, majirani huinusa.
Kaja Mama Nkwama na nusu debe la viazi
vya mwanawe anayesoma: "Vya mjini vina maji."
Kaja Luvanda na kiatu,
kimoja, cha kushoto,
kikaungane na cha kulia kilichokwisha tangulia kwa fundi.
Maharage. Picha ya marehemu, ikakuzwe.
Halafu baba mdogo Ilomo na dumu la ulanzi,
ulanzi wa mwisho wa msimu, kwa mkwewe:
"Usikaze kifuniko, mwanangu. Huu unapumua."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Aliyesema hivyo hakupewa viazi.

Nikatoa viatu vya pili.
Nikatoa taulo, wifi ana taulo.
Nikatoa gauni la njano, nikaliomba radhi.
Saa tano usiku begi likafunga
kwa goti langu na goti la mume wangu,
na ndani yake, nikipiga hesabu vizuri,
changu kilikuwa mswaki.

Basi nguo nikazivaa.
Blauzi ya Jumatatu, juu yake ya Jumanne,
gauni la njano la Jumatano juu ya sketi,
na sweta juu ya wiki nzima.
Mume wangu kashika taa, kanizunguka:
"Umenenepa tangu ugali wa jioni,"
akacheka mpaka mtoto akaamka.

Gari la saa kumi na moja. Gizani sikuona kosa langu.
Njombe, nikafungua kifungo.
Makambako upepo ukanidanganya, nikakifunga.
Mafinga, katikati ya misonobari,
Jumatano ikaanza kunichoma.
Tunapanda kutoka Ipogolo nimeshika sweta mkononi,
na abiria wa pembeni, aliyejifunika khanga mpaka masikio,
ananitazama kama mtu mwenye homa.

Sekela kanipokea na shali, na glavu, na meno yanayogongana:
"Wifi, leo umekuja na baridi yenu!"
Mimi jasho linashuka mgongoni
kupitia Jumanne, kupitia Jumatatu.

Tukafungua begi sebuleni.
Viazi vizima. Marehemu mkavu, anatabasamu.
Dumu lilikuwa limepumua, kama tulivyoahidiwa,
ndani ya kiatu cha Luvanda,
na mswaki ulikuwa umelala humo humo.

Usiku nikaivua wiki, nikaitundika kitini.
Shuka moja, na shuka lilitosha.
Dirisha lilikuwa wazi kidogo, mbwa wa mbali, pikipiki.
Saa tisa nikaamka, mkono unapapasa miguuni.
Sikuwa na baridi.
Nilikuwa natafuta kitu kizito cha kuvuta.